Tumbo lililomshinda daktari: Livingstone, Ufipa na ugonjwa ambao mpaka leo hauna jina

Mwezi wa saba pale Sumbawanga mjini hutoki nje asubuhi bila koti. Baridi ya Ufipa siyo mchezo. Lakini panda gari la Matai, endelea mpaka Kasanga kando ya Ziwa Tanganyika, na koti utalikunja mwenyewe uliweke kwenye begi. Umeshuka karibu mita 1,000, na kule chini joto ni la aina nyingine kabisa.

Weka tofauti hiyo kichwani. Mwaka 1872 mzee wa miaka 59, mwenye tumbo linalouma na linalotoa damu, alipita njia ya kule chini kwenye joto. Mwaka uliofuata maiti yake ikapitishwa huku juu.

Mzee huyo ni Dk David Livingstone. Wengi wetu shuleni tulimsoma kwa mistari miwili: mmisionari na mpelelezi kutoka Scotland, alikutana na Stanley pale Ujiji, basi. Ukijaza hivyo kwenye mtihani unapata maksi zako. Hatukuambiwa kwamba kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa mgonjwa, tena mgonjwa wa kitu ambacho aliona aibu kukisema.

Daktari aliyeficha ugonjwa wake

Alizaliwa Machi 19, 1813 kwenye mji mdogo wa Blantyre, Scotland, familia ya watu wa hali ya chini. Akiwa na miaka 10 tu alikuwa ameshaajiriwa kwenye kiwanda cha pamba. Akajisomesha kwa tabu, akasomea udaktari mjini Glasgow, akapata leseni mwaka 1840. Mwaka uliofuata akafika kusini mwa Afrika akiwa mmisionari. Mwaka 1844 simba alimrukia na kumvunja mkono wa kushoto karibu na bega. Mfupa haukuunga vizuri, na ule mkono hakuweza kuuinua sawasawa mpaka mwisho wa maisha yake. Usiusahau huo mkono, tutaurudia.

Safari zake za katikati zilimpa jina kubwa Ulaya. Zilimpa pia homa za mara kwa mara, kuharisha damu, na bawasiri.

Ndiyo, bawasiri. Ugonjwa ambao hata leo mtu anaweza kukaa nao miaka mitano bila kumwambia mke wake. Ukimwona mtu anakataa kiti kwenye baa anasema amechoka kukaa, usicheke.

Livingstone hakuwa tofauti. Aliporudi Uingereza mwaka 1864, daktari bingwa wa upasuaji James Syme alimshauri afanyiwe upasuaji amalize hilo tatizo. Akakataa. Hakuogopa kisu, aliogopa magazeti. Alikuwa maarufu mno kwa wakati ule, na hakutaka nchi nzima isome kuhusu sehemu zake za siri. Isitoshe, alikuwa na imani yake kwamba damu ile ikitoka inampunguzia uzito wa homa kichwani. Yaani ugonjwa ulikuwa umekaa naye muda mrefu mpaka akauona kama rafiki.

Kwa maoni yangu hapo ndipo safari yake ya mwisho ilipoanza kuharibika, miaka miwili kabla hajaianza.

Sanduku la dawa

Machi 1866 alishuka Mikindani, akafuata Mto Ruvuma kuelekea bara. Lengo lake lilikuwa kutafuta chanzo cha Mto Nile. Alikuwa na dawa zake, zikiwemo vidonge alivyovitengeneza kwa utaalamu wake mwenyewe: kwinini, kalomeli ambayo ni chumvi ya zebaki, mizizi ya rubabu na utomvu wa mmea unaoitwa jalapu. Kwinini ilipambana na homa, na vile vingine vilikuwa vya kuendesha tumbo. Wakati ule madaktari waliamini kwamba lazima usafishe matumbo ndipo homa itoke. Kwinini yake iliokoa watu wengi, hilo halina ubishi. Lakini fikiria mtu mwenye matumbo yanayotoka damu anameza dawa ya kuharisha kila homa inapopanda.

Januari 1867, wakiwa kwenye misitu ya kaskazini mwa Zambia ya leo, mpagazi mmoja akatoroka na mzigo. Kwenye mzigo ule lilikuwemo sanduku la dawa. Walitafuta, hawakulipata. Livingstone alijua maana yake. Aliliona tukio lile kama hukumu ya kifo iliyoandikwa tarehe za baadaye.

Haikuchukua muda. Aprili 1, 1867 akafika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, ambayo wenyeji waliiita Liemba, jina lililobebwa na ile meli ya MV Liemba. Pale homa ikamkamata bila kidonge hata kimoja. Alipoteza fahamu, akajikuta anagaagaa nje ya kibanda chake anashindwa kurudi ndani. Akashika nguzo mbili za mlangoni ajiinue, mikono ikamwachia, akaanguka chali na kujigonga kichwa kwenye sanduku. Vijana wake walipoona hali ile walitundika blanketi mlangoni ili mgeni yeyote asimwone mzee wao akiwa vile.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya namna hiyohiyo. Mapema mwaka 1869 mapafu yakaugua, akashindwa kutembea, na aliyemwokoa ni mfanyabiashara Mwarabu, Muhammad bin Gharib, aliyeamuru abebwe na kumuuguza njiani mpaka wakaufikia mwambao wa Tanganyika. Hapa historia inachanganya kidogo: Livingstone aliichukia biashara ya utumwa kuliko kitu chochote, na waliomponya walikuwa watu wa misafara hiyohiyo. Mwaka 1870 kule Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, vidonda vya miguu vilimweka ndani miezi. Alivitibu kwa kusaga jiwe la kijani la shaba na kupaka unga wake kwa unyoya. Meno yake mengi alikuwa ameshayapoteza kwa kutafuna mahindi magumu, hivyo hata chakula kilichofika tumboni hakikuwa kimesagika vizuri.

Mwisho wa mwaka 1871 Stanley akamkuta Ujiji akiwa mifupa mitupu, akamletea dawa, chakula na barua. Mzee akanenepa kidogo. Wakasafiri pamoja mpaka Unyanyembe, yaani Tabora, na Stanley akamsihi warudi wote Uingereza akatibiwe na kuwekewa meno. Akakataa. Alitaka Nile kwanza. Machi 14, 1872 wakaagana, na hakuna Mzungu mwingine aliyemwona akiwa hai.

Njia ya chini

Agosti 25, 1872 aliondoka Tabora na msafara wa wapagazi ambao Stanley aliwatuma kutoka pwani. Alikuwa nao pia watu wake wa siku zote: Abdullah Susi, James Chuma, na Halima mpishi wake.

Mwezi haukuisha kabla tumbo halijaanza tena. Septemba alikaa siku nane bila kula. Alipumzika, akameza dawa, ugonjwa haukujali dawa wala mapumziko. Alipoanza kula kidogo akaona ni dalili nzuri, akaendelea na safari.

Mapema Oktoba wakaliona Ziwa Tanganyika, kisha wakageuka kusini kufuata mwambao wa mashariki. Hiyo ndiyo Ufipa. Kama unaijua Oktoba ya kule chini, kabla mvua hazijaanza, huhitaji maelezo marefu. Vilima vinapanda na kushuka mpaka majini, miti imepukutika, mawe yanarudisha joto kama tanuri. Ardhi ilikuwa ya moto kiasi kwamba iliunguza miguu ya wapagazi, na msafara ukawa unasimama mara kwa mara. Mzee alikuwa dhaifu, na kila kupanda kilima kulimtoa kitu mwilini.

Aliwaona Wafipa wakilima na kufuma nguo zao za pamba, akasikia habari za mtawala wao mkuu, Kapufi. Nchi ya mtawala huyo ilikuwa kule juu, kwenye uwanda wenye hewa baridi, nyasi na mifugo, kwa watu waliofua chuma kwenye matanuri marefu ya udongo. Kwa mgonjwa wa tumbo huko juu kungemfaa zaidi: hewa nyepesi, njia ya tambarare. Lakini ramani yake ilikuwa ya ziwa, na yeye alifuata ramani.

Novemba wakaliacha ziwa nyuma, wakaingia upande wa Zambia wa leo. Mvua zikaanza.

Miezi minne ya maji

Kuanzia Januari 1873 walikuwa kwenye mabwawa ya Bangweulu. Maji mpaka kifuani, ruba, baridi ya mvua. Mara nyingi Susi na wenzake walimbeba mabegani kuvuka. Kuanzia Machi 31 damu ikatoka mfululizo kwa siku kumi, na yeye mwenyewe, kama daktari, alijua kwamba kuna mshipa uliopasuka ndani. Aprili 21 alijaribu kupanda punda, akaanguka baada ya hatua chache. Kesho yake wakamtengenezea machela ya miti, wenyewe wakaiita kitanda.

Maumivu yalikuwa yamehamia mahali pabaya. Hakuweza kuvumilia hata mkono wa mtu ukipitishwa chini ya kiuno chake. Walipofika kwenye mto mmoja, mtumbwi ulikuwa mwembamba, kitanda hakiingii. Ikabidi Chuma ainame chini kabisa, mzee akamshika shingoni kwa mikono yote miwili, akainuliwa taratibu bila mgongo kuguswa. Asubuhi ya Aprili 29, katika kijiji walicholala, hakuweza kutembea mpaka mlangoni. Wakabomoa ukuta wa kibanda ili kitanda kiingie mpaka pale alipolala.

Kula kulishindikana. Aliomba mtama upondwe pamoja na karanga. Ulipoletwa, hakuweza kuula. Alitamani maziwa, wakatumwa watu watafute mbuzi wa kukamua, na hilo likawa jambo la mwisho aliloliandika kwenye daftari lake, Aprili 27. Mbuzi hawakupatikana, vita vilikuwa vimefagia mifugo eneo lile.

Wakamfikisha kijiji cha Chitambo, Ilala, wakamjengea kibanda. Usiku wa mwisho alimwita Susi, akataka maji ya moto na sanduku la dawa. Susi akamshikia mshumaa karibu, kwa sababu macho hayakuona tena vizuri, akachagua kwa shida chupa ya kalomeli. Ileile dawa ya zebaki. Akamwambia Susi sasa anaweza kwenda.

Kabla hakujapambazuka, kijana Majwara aliyekuwa akilala naye akaenda kuwaamsha wakubwa. Wakamkuta amepiga magoti pembeni ya kitanda, kichwa ndani ya mikono. Alikuwa ameshapoa. Kwa kawaida inasemwa ni Mei 1, 1873, ingawa maandishi ambayo Jacob Wainwright, msomi wa msafara, aliyachonga kwenye mti yalionyesha Mei 4. Watu waliokuwa wametembea vile kwa miezi, siku zikiwachanganya siwalaumu.

Walichokiona ndani

Wangeweza kumzika palepale na kurudi nyumbani. Hakuna ambaye angewauliza sana. Lakini Susi na Chuma walikaa na wenzao wakaamua kumrudisha kwao, na ili afike ilibidi mwili ukaushwe.

Kazi ya kupasua akapewa Farijala, ambaye aliwahi kumtumikia daktari mmoja Zanzibar na kuona jinsi inavyofanyika. Wengine walishika blanketi nene kuzunguka, watu wasione. Ni blanketi kama lile la Liemba miaka sita nyuma, kazi ileile ya kumsitiri.

Ndani wakakuta mapafu yamekauka na yana mabaka meusi na meupe. Na upande wa kushoto wa tumbo, bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu mzima.

Hicho ndicho kitu pekee tunachokijua kuhusu maumivu yale. Kutokana na bonge lile madaktari wa baadaye wamebishana sana. Kuharisha damu kwa miaka mingi, malaria sugu, bawasiri iliyommaliza damu, vyote vinatajwa, na huenda vyote vilikuwemo. Lakini bonge lilitoka wapi na lilikaa pale muda gani, Farijala hakuwa na darubini, na hakuna daktari mwingine aliyeliona.

Moyo na viungo vya ndani wakaviweka kwenye kopo la bati, wakavizika chini ya mti, Jacob akasoma sala. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani wiki mbili, ukafungwa kwa kitambaa, gome la mti na turubai, kisha ukafungwa kwenye mti kama mzigo wa kawaida.

Njia ya juu

Mwanzo wa safari ya kurudi ulikuwa mbaya, karibu msafara wote uliugua, baadhi wakafa. Walipopona wakaelekea kaskazini, na walipokaribia Tanganyika walikuwa na uamuzi wa kufanya. Njia ya mwambao waliijua. Waliikumbuka. Wakaikataa, wakashika njia ya mashariki zaidi, juu, kwenye uwanda wa Ufipa.

Hivyo maiti ya Livingstone ikapata njia ambayo Livingstone mwenyewe hakuipata. Walipita kwenye safu ya Lyambalyamfipa, ile inayosimama kama ukuta juu ya Bonde la Rukwa, na kutoka huko wakaliona Ziwa Rukwa limelala mbali chini. Kama umewahi kusimama pale unajua mtu anavyonyamaza mwenyewe.

Kubeba maiti kupita kwenye vijiji vya watu halikuwa jambo dogo. Jina Sumbawanga lenyewe, wenyeji watakwambia, maana yake ni tupa uchawi: ukiingia hapa uache mambo yako ya giza. Hata sasa mtu akifa kwa tumbo lisiloeleweka, msiba haumaliziki bila mtu kunong'ona kwamba alirogwa. Msafara wa watu wenye maiti ya Mzungu aliyekufa kwa ugonjwa usiojulikana ulikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Oktoba 1873 wakafika Tabora. Huko wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumtafuta mzee wao, naye akawashauri wamzike hapohapo wapumzike. Wakakataa. Mbele zaidi ya Tabora wenyeji walikataa maiti isipite, wakatumia akili: wakatengeneza mzigo wa uongo wenye umbo la maiti, watu wachache wakaubeba kurudi nyuma kana kwamba wameghairi, wakautupa porini. Mwili wa kweli ukafungwa upya kama robota la nguo, ukapita mbele ya macho ya watu. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Wengi wao walilipwa hapo, wakaambiwa asante, wakaachwa. Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri na jeneza na kusimama kwenye mazishi pale Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yameshapita.

Siku chache kabla ya mazishi madaktari walifungua robota kuhakikisha ni yeye. Uso ulikuwa hautambuliki. Sir William Fergusson akaukagua mkono wa kushoto, karibu na bega, akaukuta mfupa uliovunjwa na simba miaka 30 nyuma na haukuunga vizuri. Akathibitisha. Kuhusu tumbo hakukuwa na cha kukagua. Lilibaki Chitambo, ndani ya kopo la bati, chini ya mti.